Magunia 20 Yaliyogeuka 19

Kila mwaka baada ya mavuno watu huja katika ofisi za kilimo na malalamiko yaleyale. Mtu asema alijaza magunia 20 ya mahindi mwezi wa Novemba, na alipoyapima tena mwezi wa Februari akapata 19 tu. Auliza mwizi ni nani, na pengine amekwisha kumshuku mtoto wa jirani.

Kabla hujamshika mtoto wa watu, shika kalamu. Gunia moja ni kilo 90, kwa hiyo magunia 20 ni kilo 1,800. Kama mahindi yalifungwa yakiwa na maji 18 katika kila 100, basi kilo 324 zilikuwa maji matupu. Yakikauka hata maji yabaki 13.5 katika kila 100, ambacho ndicho kipimo kinachotakiwa na Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, uzito wote utakuwa kilo 1,706 hivi. Hayo ni magunia 19 kasoro kilo 4. Hakuna aliyeiba kitu. Yametoka maji, nayo yalipasa kutoka.

Wako wanaosikia hesabu hii wakasema, "Basi nitauza mahindi yakiwa mabichi, nipate uzito." Hiyo ni akili ya siku moja. Mnunuzi mwenye mashine ya kupima atayakataa, au atakata bei kupita yale maji. Na yale utakayobakiza nyumbani yataliwa na watoto wako mwenyewe.

Hapa ndipo penye hatari. Mahindi yenye maji mengi yakifungwa gunia hupata joto, kisha huota kuvu, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, huko Ukambani, zaidi katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa kabla ya kukauka. Kuyapika sana hakuiondoi sumu, wala kuyasaga, na mara nyingine punje huonekana nzuri tu. Wala usidhani utayaokoa kwa kumpa ng'ombe, kwa maana sumu hupita katika maziwa. Sheria ya Kenya hairuhusu aflatoksini izidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja za mahindi.

Sisi wa Lanet tuko juu zaidi ya futi 6,000, na Dundori ni juu kupita sisi. Usiku ni wa baridi, umande ni mwingi, na ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka. Tena mvua za mwisho wa mwaka haziheshimu mavuno. Mwaka 2019, na tena 2023, zilinyesha kwa nguvu wakati mahindi yalipokuwa tayari. Kwa hiyo usingoje mahindi yakaukie shambani mpaka mabua yaanguke. Vunja punje moja utazame ncha yake inayoshika gunzi. Ukiona doa jeusi, hindi limekomaa, halitaongeza kitu tena. Kata mabua, uyasimamishe mafungu mafungu, kisha uvune na kuingiza mahindi katika ghala la fito yakiwa bado katika magunzi yake, bila maganda.

Ghala hilo liwe jembamba. Wakulima wengi hupenda ghala pana kama chumba, wakidhani ukubwa ni sifa, lakini katikati ya ghala pana upepo haufiki, na hapo ndipo mahindi huoza. Upana usizidi mita moja. Kwa watu wa Dundori penye ukungu, futi mbili na nusu ni bora. Ukitaka nafasi, ongeza urefu. Upande mrefu uukabili upepo. Sakafu iwe juu ya ardhi kiasi cha mita moja, na kila mguu uvikwe kofia ya bati, panya akipanda akutane nayo arudi chini.

Ukisha kupukuchua, anika tena. Kupiga magunia kwa fimbo ni haraka, lakini huvunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango wazi kwa kuvu na kwa wadudu. Afadhali mashine, hata ile ndogo ya mkono. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, wala si kando ya barabara kuu ambako magari huyatia mchanga na mafuta. Tandaza unene wa vidole viwili, geuza mara kwa mara, na funika kabla ya umande kushuka. Usifunge gunia mahindi yakiwa na joto la jua. Yaache yapoe kwanza.

Utajuaje kwamba yamekauka? Kuyauma kwa meno si kipimo cha kutegemea. Chukua chupa kavu yenye kifuniko na chumvi uliyoianika juani ikakauka kabisa. Tia mahindi mpaka theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, tikisa kwa nguvu dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, maji yamezidi 15 katika 100, rudi ukaanike. Isiponata, yako chini ya hapo. Lakini ukitaka kuuzia Bodi, omba upimiwe kwa mashine, maana chumvi haiwezi kukuonyesha 13.5.

Basi yakikauka, adui ni wadudu. Fukusi tunamjua tangu zamani. Dumuzi, ambaye wengine wamembandika jina la Osama, aliingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983, naye hula mahindi hata yakiwa katika magunzi, kwa hiyo usiyaache ghalani ukayasahau. Mifuko isiyopitisha hewa humwua bila dawa, mradi ifungwe barabara na isifunguliwe kila siku. Lakini ukitia humo mahindi mabichi umeyafungia kaburini. Ama vile vidonge vya kufukiza, hutoa hewa inayoua watu. Visitumiwe kamwe katika nyumba wanamolala watu.

Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, upate njia ya kuzunguka. Kila juma mbili au tatu ingiza mkono katika gunia la kawaida hadi katikati. Ukisikia joto au harufu ya uvundo, mwaga lote uchague. Mnunuzi naye atachoma bambo lake katikati, si juu, kwa hiyo ni vyema ujue kabla yake kilichomo. Siku ya kupakia lori, ngoja umande ukauke, na uwe na turubai la kufunikia hata kama mbingu ni nyeupe. Ya mwaka jana yatoke kwanza. Ndipo ufagie ghala, uchome takataka na magunia mabovu, kabla ya kuingiza mapya.