Kuzungusha Umbo: Somo Litokalo Kitakoni mwa Kikapu

Katika jometri, kuzungusha umbo ni kuligeuza kukizunguka kitovu kisichohama. Hapana budi mambo matatu yatajwe: kitovu, pembe na mwelekeo. Likikosekana moja, jibu haliwezi kuwa la hakika. Hata hivyo, wanafunzi wengi hukariri kanuni ya nyuzi 90 pasipo kukijali kitovu, wakashindwa mara kinapohamishwa.

Mkoani Iringa, mfano ulio wazi hupatikana sokoni. Usukaji wa vikapu vya milulu huanzia kitakoni. Kutoka katikati, milulu hutawanyika kuelekea ukingoni. Ikiwa kikapu kina milulu 24 iliyopangwa kwa nafasi sawa, pembe baina ya mmoja na wa pili ni 360 ÷ 24, yaani nyuzi 15. Kikigeuzwa nyuzi 15, kila mmoja hukaa mahali pa jirani yake, na sura ya kitako hubaki ile ile.

Mwalimu na atie alama mbili kitakoni, moja sentimita 2 kutoka kitovuni na nyingine sentimita 10. Zote hugeuka kwa pembe moja, lakini ya nje husafiri mara tano ya ile ya ndani. Hakuna iliyokaribia wala kujitenga na kitovu. Hiyo ndiyo sifa kuu ya kuzungusha.

Dunia nayo huufuata utaratibu huu ikizunguka mhimili wake. Hugeuka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa, au uzi 1 kwa dakika 4. Mji wa Iringa upo karibu na longitudo 35°42′ mashariki, na Mbeya karibu na 33°27′. Tofauti ni nyuzi 2¼. Kwa hiyo jua hufikia kilele chake cha adhuhuri Iringa kiasi cha dakika 9 kabla ya Mbeya, ingawa saa za miji yote miwili husoma sawa.

Darasani, karatasi ya grafu, karatasi nyembamba ya kunakilia na mwiba vyatosha. Nukta (3, 2) inakiliwe, mwiba uchomwe penye (0, 0), na karatasi ya juu igeuzwe nyuzi 90 kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Nukta itaangukia (−2, 3). Kisha mwiba uhamishiwe (1, 1). Kutoka hapo, nukta ile ipo hatua 2 kulia na 1 juu. Ikigeuzwa, huwa hatua 1 kushoto na 2 juu, yaani (0, 3). Pembe ni ile ile na mwelekeo ni ule ule. Kilichobadili jibu ni kitovu peke yake.

Zoezi: Kikapu kinageuzwa. Mmoja anakitazama kitako kwa ndani, mwingine kwa nje. Je, watakubaliana kuhusu mwelekeo? Wanafunzi wajaribu, kisha waeleze sababu.