Namba Moja Juu ya Mstari: Bei Yake Melbourne, Sydney na Perth

Australia kupiga kura ni lazima. Asiyetokea kituoni New South Wales, jimbo la Sydney, bila sababu hutozwa faini ya dola 55. Australia Magharibi, jimbo la Perth, kosa la kwanza ni dola 20. Kwa kuwa kwenda utakwenda, lililobaki ni kujua jinsi ya kuitumia kura ya baraza la juu la jimbo ili ibaki kuwa yako. Ndugu zetu wengi waliotoka Kongo na Burundi wakapata uraia huko hupewa karatasi ndefu yenye mstari mnene, na hakuna anayewaeleza mstari ule una gharama gani.

Juu ya mstari unachagua chama, chini yake unachagua wagombea mmoja mmoja. Uliyempa namba 1 akishindwa, kura huhamia kwa uliyempa namba 2, kisha 3, na kuendelea. Gharama imo humo kwenye kuhama.

Victoria, jimbo la Melbourne, ina viti 40 vya baraza hilo katika kanda nane, vitano kila kanda, na mgombea huhitaji takriban asilimia 16.7 kupata kiti. Hadi uchaguzi wa 2022, aliyeandika 1 juu ya mstari alimaliza kazi kwa sekunde chache, ila kura yake ilihamia kule chama kilikopanga, kwa orodha kiliyoiwasilisha mapema kwa tume ya uchaguzi. Ni kumpa mtu pesa zako aende sokoni na orodha aliyoiandika mwenyewe. Vyama vidogo vilipeana kura hizo, vingine kwa msaada wa washauri wa kulipwa. Mwaka 2018 Rod Barton wa chama cha Transport Matters aliingia barazani ingawa kura za kwanza za chama chake hazikufika hata asilimia 1. Waliompandisha wengi wao hawakujua wanampandisha.

Australia Magharibi ilionja machungu zaidi. Mwaka 2021 chama cha kutaka saa zisogezwe mbele majira ya joto kilipata kura za kwanza 98 katika kanda ya Mining and Pastoral, na mgombea wake, Wilson Tucker, akapata kiti. Tisini na nane tu! Bunge likafuta orodha za vyama pamoja na kanda zenyewe. Jimbo zima sasa huchagua wajumbe 37 kwa pamoja, na asilimia 2.63 inatosha kwa kiti kimoja. Machi 2025 Labor walipata viti 16, Liberal 10, Greens 4, Nationals na One Nation viwili viwili, na vyama vitatu vidogo kimoja kimoja. Miaka minne kabla, Labor walikuwa na 22 kati ya 36. Sasa hawapitishi sheria bila kuomba kura nje ya chama chao, na mimi naona hiyo ndiyo faida anayopaswa kuidai mpiga kura.

New South Wales ilijifunza mapema. Mwaka 1999 wagombea walikuwa 264 na karatasi ikalinganishwa na kitambaa cha meza. Orodha za vyama zikafutwa. Leo 1 juu ya mstari inatosha, lakini ukiishia hapo na chama chako kikaondolewa, kura yako inafia hapo, haimsaidii mtu tena.

Kwa hiyo, Sydney na Perth bakia juu ya mstari, ila usiandike 1 peke yake: jaza vyama vitano au sita unavyovikubali. Kushuka chini ya mstari ni kazi nzito, namba 15 Sydney na 20 Perth. Melbourne ni kinyume chake. Huko chini ya mstari namba tano tu zinatosha, na hakuna chama kinachoweza kukupangia. Uchaguzi wa Victoria ni tarehe 28 Novemba 2026. Andika majina yako matano nyumbani, uende nayo kituoni.