Uzi wa Besi Hufa Kabla ya Kukatika
Sisi wa pwani twaijua Wamunyu, katika Kaunti ya Machakos, kwa vinyago, ufundi ulioletwa huko na Mutisya Munge baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Lakini mimi nilisimamishwa na kijana aliyekuwa akichemsha nyuzi nne za gitaa la besi sufuriani.

"Mzee, jasho na taka huingia katika mizingo ya uzi, sauti ikafa. Maji ya moto huifufua siku chache tu."

Nyuzi mpya ni ghali, na harusi ni kesho; besi ikififia, hataitwa tena.

"Wabadili lini?"

"Zikikataa kutulia kwenye sauti yake. Zote nne, si mmoja."

Wapigaji taarabu wa Mombasa, kwenu chumvi ya bahari haingoji: pangusa nyuzi kila umalizapo.