Barabara na Mwenye Nyumba (2): Muda wa Fidia Uanze Kuhesabiwa Lini?

Katika sehemu ya kwanza tulieleza maana ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kandokando yake, na mgawanyo wa usimamizi wake: TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa barabara za wilaya na mitaa ya mijini. Leo tuitazame alama ya X inayopakwa ukutani mwa nyumba iliyo ndani ya hifadhi hiyo, ambayo mwenye nyumba wa Dar es Salaam anaiogopa kuliko tingatinga lenyewe. Tingatinga likishafika, jambo limekwisha kuamuliwa. Alama ya rangi ukutani haiamui kitu, na inaweza kukaa miaka. Hoja yangu ni kwamba sheria zetu za fidia zimeandikwa vizuri kwa siku ya kubomoa na zimekaa kimya juu ya miaka ya kungoja, na kwamba ni katika miaka hiyo mwenye nyumba anapoteza zaidi.

Tuanze na rangi zenyewe. Hadi mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande. Sheria ya Barabara ya mwaka huo ikaifikisha mita 30. Hapo zikazaliwa X mbili. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani: yeye ndiye aliyeifuata barabara, abomoe kwa gharama yake. Kijani ni ya aliyekuwa nje ya mpaka kihalali hadi sheria ilipobadilika. Huyu barabara ndiyo iliyomfuata, na anastahili kulipwa. Tofauti ya mita 7.5 huonekana ndogo kwenye karatasi ya mhandisi. Kwenye kiwanja cha Mbagala au Tegeta, hizo ndizo mita za fremu ya duka, za uzio na kisima, pengine za sebule yenyewe. Kipande hicho cha mbele mara nyingi ndicho kinacholeta kodi ya mwezi inayosomesha watoto wa nyumba ya nyuma.

Sheria haikumsahau mtu huyu kabisa. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na ilipiga hatua kubwa kwa kuithamini ardhi yenyewe, wakati Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 haikuipa ardhi tupu thamani yoyote. Kanuni za 2001 zikaongeza posho ya usumbufu, ya usafiri, faida iliyopotea, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita, riba huongezwa. Sheria ya Uthamini ya 2016 nayo inasema uthamini ambao haujalipwa kwa miaka miwili unakoma, ufanywe upya. Ni masharti mazuri. Lakini yatazameni yote kwa pamoja: kila sharti lenye muda linaanza kuhesabiwa tangu uthamini. Mthamini asipofika, hakuna miezi sita, hakuna riba, hakuna miaka miwili. Nyumba yenye X ya kijani isiyothaminiwa haina siku hata moja inayohesabiwa kisheria, ingawa mwenyewe anahesabu kila siku. Hawezi kuiuza kwa bei ya haki kwa sababu kila mnunuzi anaiona rangi. Benki haiikubali kama dhamana. Akipaua upya au akiongeza chumba, anaogopa kutupa fedha. Asipofanya hivyo, nyumba inachakaa, na siku mthamini akija atathamini uchakavu huo.

Tiba yake ni kutangaza mapema mipaka na tarehe. Wapo watakaosema kufanya hivyo kutawaalika walanguzi wa fidia, wale wanaopandisha tofali usiku mmoja ili wahesabiwe. Hofu hiyo ni ya kweli, ila dawa yake ipo: tarehe ya ukomo, picha za kila jengo siku hiyo, na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba pamoja na kiongozi wa mtaa. Kinachowanufaisha walanguzi ni mpaka usiojulikana. Wengine watasema barabara hupandisha bei ya ardhi, basi mwenye nyumba ana faida yake. Ni kweli kwa anayebaki na uso wa barabara na aliye huru kuuza. Aliyefungwa na X anaiona bei ikipanda kwa jirani.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: serikali itawalipaje wote wakati barabara bado ni ndoto ya miaka kumi ijayo? Jibu ni kwamba haipaswi kuweka alama kwa ndoto. Katika miradi inayogharamiwa na Benki ya Dunia, kama awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka kutoka Kimara hadi Kivukoni, sharti ni fidia kulipwa kabla ya mtu kuondolewa. Kama utaratibu huo unawezekana kwa fedha za mkopo, unawezekana kwa fedha za kodi zetu. Na kuchelewa hakuokoi kitu, kwani bei ya ardhi ya mjini haikai ikiisubiri bajeti.

Tusichanganye suala hili na la Kimara hadi Kiluvya, ambako mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa bila fidia. Pale serikali ilisimamia hifadhi maalumu ya mita 121.5 kila upande, iliyotokana na sheria za enzi ya ukoloni. Hata hivyo kisa kile kinatufundisha jambo moja linalohusika: mpaka usiowekewa vigingi vinavyoonekana, ambao watu wameachwa wajenge juu yake na kuunganishiwa umeme na maji, unakuja kuwagharimu wasiokuwa na nia mbaya pamoja na wavamizi.

Marekebisho yanayotakiwa ni mafupi. Kila alama ya X ya kijani iandikwe tarehe, na tangu tarehe hiyo muda uanze kuhesabiwa kama unavyohesabiwa kwa uthamini: miaka miwili ikipita bila malipo, alama ifutwe kwa barua rasmi na mwenye nyumba arudishiwe uhuru wa mali yake. Kwa kuwa sheria tayari inakiri kwamba uthamini unachakaa, sioni kwa nini rangi isichakae. Wakati wabunge wakilitafakari hilo, mwenye nyumba mwenye alama asikae kimya: aandike barua kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa ofisi ya serikali ya mtaa, aulize tarehe ya uthamini, apige picha za jengo lake lote na atunze barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.