Biashara ya Harusi Texas: Jinsi ya Kujitangaza Bila Kukatika Ukiwa na Kazi Nyingi

Kama wewe ni mpambaji, mpishi, mpiga picha, fundi wa hina au mshereheshaji katika miji ya Dallas, Fort Worth au Houston, huenda unaijua hali hii. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba na Novemba, huna Jumamosi iliyo wazi. Ijumaa usiku unapakia vitambaa na maua kwenye gari. Jumapili unarudisha vyombo ulivyokodi. Jumatatu alfajiri uko kwenye ajira yako ya kila siku. Ukurasa wako wa Instagram haujaguswa tangu mwezi juzi. Kisha Januari inaingia, simu iko kimya, kodi ya nyumba inadaiwa vilevile, na neno linalosikika nyumbani ni hili: "Mwaka huu watu hawaoi."

Watu wanaoa. Kilichotokea ni kwamba walipokuwa wakitafuta wa kuwafanyia kazi, wewe hukuonekana.

Mteja wa harusi hanunui kama mteja wa mandazi. Anayetaka mandazi anakula leo. Anayepanga harusi huchagua ukumbi, mpishi na mpambaji miezi sita, tisa, hata mwaka mzima kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo ukinyamaza Oktoba, hutaumia Oktoba, maana kazi za Oktoba ulikwisha kuzipata zamani. Utaumia mwaka unaofuata. Tena hapa Marekani wachumba wengi huvishana pete kati ya sikukuu ya Thanksgiving mwezi Novemba na siku ya Valentine mwezi Februari. Hao huanza kuulizia bei Desemba na Januari, wakati wengi wetu tumechoka, au tumepanda ndege kwenda Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu kuwasalimia wazee.

"Kizuri chajiuza", lakini wapi?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wengi wetu tumeifanya methali hiyo kuwa sababu ya kutojitangaza. Methali ni ya kweli pale kizuri kinapoonekana. Kariakoo, mtu anapita mbele ya duka lako akienda kununua nazi. Harusi ya mtaani kwetu huonekana na mtaa mzima, na kesho yake watu wanaulizana nani alipika.

Dallas, Fort Worth na miji inayoizunguka ina watu zaidi ya milioni 8. Eneo la Houston lina zaidi ya milioni 7. Ukumbi uko kando ya barabara kuu, milango imefungwa, na jirani hajui kama ndani kuna harusi. Wageni 250 wamekula pilau yako na kuisifu, lakini ni wangapi wameondoka wakilijua jina lako? Hapa kizuri kinajiuza kwa walioingia ukumbini tu. Wengine ni lazima waambiwe.

Kila harusi ina milango miwili

Harusi zetu za ughaibuni zina waamuzi wawili, na wengi hujitangaza kwa mmoja tu.

Mlango wa kwanza ni wa wazazi na kamati ya harusi. Mama wa bibi harusi huuliza kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, la kanisa au la msikiti. Au humpigia shoga yake: "Nani alipamba harusi ya mwanao?" Anataka kusikia sauti, Kiswahili, na jina la mtu anayemfahamu.

Mlango wa pili ni wa maharusi wenyewe. Binti aliyekulia Irving au Katy hutafuta Google na Instagram, usiku, kwa Kiingereza. Akikuta picha yako ya mwisho ni ya mwaka juzi, atadhani umefunga biashara. Mara nyingi mama ndiye analeta jina, na binti ndiye analikagua. Ukipita mlango mmoja na kukwama kwa mwingine, kazi inakwenda kwa mtu mwingine. Na siku hizi mchumba anaweza kuwa Mnijeria, Mmeksiko au Mmarekani mweusi wa Houston. Ndugu zake hawamo kwenye makundi yetu ya WhatsApp hata kidogo.

Kwa hiyo andika chini ya picha mistari miwili ya Kiswahili na miwili ya Kiingereza. Taja mji: "Harusi, Arlington." Sema waziwazi kama unasafiri, kwa sababu kutoka Dallas hadi Houston kwa barabara ya I-45 ni karibu maili 240, na mteja anataka kujua mapema kama atalipia safari hiyo.

Saa moja kwa wiki, isiyoguswa

Mwenye kazi nyingi hawezi kuwa mtandaoni kila siku, wala hahitaji. Picha moja kila wiki kwa mwaka mzima inajenga kuliko picha kumi kwa siku mbili na kimya cha miezi mitatu. Chagua siku moja isiyo na sherehe, tuseme Jumanne saa tatu usiku watoto wakishalala, uigawe saa hiyo hivi:

Dakika 20 za kwanza, andaa picha ya wiki na maneno yake. Akaunti za biashara za Instagram zinakuruhusu kupanga picha zitoke zenyewe hadi siku 75 mbele. Maana yake ni kwamba jioni chache za Februari zinaweza kukufunika Aprili nzima ukiwa mbioni.

Dakika 20 za pili, jibu meseji zilizolala, na usahihishe bei na picha kwenye katalogi yako ya WhatsApp Business.

Dakika 20 za mwisho, mwandikie mtu mmoja wa kazi jirani na yako: meneja wa ukumbi, mpiga picha, mshereheshaji, diijei. Mtumie picha kutoka sherehe mliyofanya pamoja, umtaje jina lake utakapoiweka. Mshereheshaji mmoja mwenye harusi kila wiki anaweza kukuletea kazi kuliko tangazo la kulipia.

Kuhusu cha kuweka, usihangaike kutafuta jambo jipya kila mara. Harusi moja inatosha mwezi mzima: wiki ya kwanza ukumbi ukiwa mtupu na ukiwa umepambwa, ya pili meza moja kwa karibu, ya tatu mikono yako ikiwa kazini, ya nne jibu la swali ambalo wateja huuliza. Mpishi anaweza kueleza kwamba kilo 1 ya mchele huwatosha watu 8 hadi 10, hivyo pilau ya wageni 200 inataka kilo 20 hadi 25. Mshereheshaji anaweza kuwakumbusha maharusi kwamba leseni ya ndoa ya Texas hutolewa na karani wa kaunti, kwamba kwa kawaida ni lazima zipite saa 72 kabla ya kufunga ndoa, na kwamba leseni hiyo huisha baada ya siku 90. Ujumbe wa namna hiyo watu hutumiana wenyewe, na jina lako linasafiri nao.

Picha na heshima ya watu

Hapa ndipo wengi hukwama. Sherehe ya wanawake, iwe ni singo au usiku wa hina, mara nyingi haina ruhusa ya simu, na ni haki. Bibi harusi aliyevua mtandio wake mbele ya wanawake wenzake hakukuajiri umtembeze mtandaoni. Ukivunja heshima hiyo mara moja, milango ya wazazi inafungwa, na haifunguki kwa picha nzuri.

Njia ipo. Piga picha za mapambo saa moja kabla ya wageni kuingia. Piga sinia, keki, jukwaa, mikono yenye hina bila uso. Kwenye mkataba weka mstari mmoja wenye majibu matatu: ndiyo, ndiyo bila nyuso, hapana. Mteja atie alama kabla ya siku, si siku yenyewe akiwa na machozi na vipodozi. Watoto wa watu usiwaweke bila idhini ya mzazi.

Jibu kabla siku haijaisha

Tangazo zuri kuliko yote ni jibu la haraka. Anayeulizia bei huwa amewaandikia watu watatu au wanne kwa mara moja, na anayejibu kwanza ndiye anayeanza mazungumzo. Ukiwa ukumbini umepanda ngazi huwezi kujibu, lakini WhatsApp Business inaweza kujibu kwa niaba yako: "Asante kwa kutuandikia. Leo tuko kwenye sherehe, tutakujibu kesho kabla ya saa kumi jioni. Tafadhali tuandikie tarehe, mji na idadi ya wageni." Ukiahidi kesho, iwe kesho. Na ukimjibu mama mtu, anza na "Shikamoo mama" kabla ya bei.

Maoni ya wateja, bila kudanganya

Fungua wasifu wa biashara kwenye Google. Ni bure, na kama unafanyia kazi nyumbani unaweza kuficha anwani yako na kutaja tu miji unayohudumia. Kisha mwombe kila mteja maoni, siku ya tatu au ya nne baada ya harusi, wakati furaha ingali moto. Mtumie kiungo mwenyewe, maana ukisema "utuandikie Google" tu, atasahau.

Usiwaombe binamu ambao hawajawahi kukuajiri wakusifie. Tangu Oktoba 2024 kanuni ya serikali kuu inakataza maoni ya uongo na kulipia sifa, na faini zake si za kuchezea. Maoni 12 ya kweli yanayotaja pilau, muda na adabu ya wafanyakazi yanamshawishi mtu kuliko nyota 50 zisizo na neno.

Tangaza unachoruhusiwa kuuza

Ukurasa wa wazi unaonwa na wateja na wakaguzi pia. Sheria ya Texas inaruhusu vyakula fulani kupikwa jikoni kwa nyumba na kuuzwa, keki ya harusi ikiwemo, mradi uwe umepata mafunzo ya usalama wa chakula na uweke lebo inayotakiwa. Vyakula vyenye nyama havimo. Kwa hiyo pilau ya mbuzi, biriani na sambusa za nyama zinataka jiko lenye kibali. Wapishi wengi hukodi jiko la biashara kwa saa. Kama umefanya hivyo, liseme kwenye tangazo lako. Ni sifa, na meneja wa ukumbi ataliulizia.

Watoto, wanafunzi na mkono wa kusaidia

Katika familia nyingi, kijana wa sekondari ndiye anajua kuhariri video. Mpe kazi hiyo kwa mpango: video moja kwa wiki na ujira unaojulikana, si kuitwa usiku wa manane kabla ya mtihani. Biashara ya wikiendi tayari imechukua Jumamosi za familia. Isichukue na jioni zote zilizobaki.

Kama unafikiria kumtumia mwanafunzi aliyekuja kwa viza ya F-1, simama kwanza. Viza hiyo haimruhusu kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, hata kama ni kuendesha ukurasa wa Instagram akiwa chumbani kwake, na kulipwa taslimu hakubadilishi kitu. Wewe mwanafunzi unayesoma haya, uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla ya kukubali. Dola 200 za mwezi hazistahili kuhatarisha masomo uliyochangiwa na ukoo mzima.

Jua kipi kinaleta wageni

Kila anayekupigia, muulize: "Umetupataje?" Andika jibu kwenye daftari moja. Baada ya miezi sita, hesabu. Kama kazi saba kati ya kumi zimetoka kwa washereheshaji wawili, wapelekee zawadi na upunguze kuhangaika na TikTok. Kama hakuna hata mmoja aliyetoka Google, wasifu wako una kasoro.

Wiki hii anza na mambo matatu tu. Weka jibu la WhatsApp la siku za sherehe. Waombe maoni wateja wako watano wa mwisho. Kisha tafuta kwenye simu yako picha nne ulizopewa ruhusa kuzitumia, uzipange zitoke moja kila wiki. Saa moja itakutosha. Jumanne ijayo, endelea.