Kamera Haina Laini

Mwezi huu wamefika dukani kwangu hapa Gitega watu watatu, kila mmoja na kikaratasi chake. Mpiga picha wa harusi wa Magarama, begi lake limebaki ndani ya teksi ya Probox. Mwalimu aliyetoka Muyinga alfajiri akapitia Karuzi, kamera ya marehemu baba yake haipo kabatini. Na mama mmoja ambaye mwanawe aliazima Nikon ya watu akarudi nyumbani na mkanda wa shingoni tu. Kwenye vikaratasi kuna namba ndefu zilizonakiliwa kutoka kwenye boksi, na ombi ni moja: "Fundi, iingize hii kwenye mashine, satelaiti ituoneshe ilipo."

Mashine hiyo sina. Nina bisibisi za kichwa kidogo, kipulizio cha vumbi, na kompyuta inayowaka umeme ukiwepo. Nikisema haiwezekani, mtu ananitazama kama namficha kitu, kisha anavuka barabara kumlipa kijana atakayemwambia inawezekana. Basi leo naandika, nikiulizwa tena nitakuwa natoa gazeti.

Tuanze na namba yenyewe. Simu ina IMEI, tarakimu 15, unaziona ukibonyeza *#06#. Simu ikiwa hewani hujitambulisha kwa mnara, na namba hiyo huenda pamoja nayo. Anayeiona ni kampuni ya simu, na njia ya kuiomba inapita polisi. Haipiti kwangu wala kwa kijana wa ng'ambo ya barabara. Sasa nani aliwaambia kamera ni simu? Kamera haina laini. Hakuna mnara unaoijua. Ile namba iliyo chini yake, karibu na tundu la kufungia tripodi, ni maandishi tu, kama namba iliyogongwa kwenye fremu ya baiskeli. Baiskeli ikiibwa Shatanya sijasikia mtu akiomba satelaiti iisome fremu.

"Lakini yangu ina GPS, fundi."

Hapo ndipo wanaponishinda hata wenye diploma zao, kwa hiyo nitakwenda polepole. Ni kweli zipo zenye GPS: Canon EOS 6D ya 2012 inayo, Nikon D5300 ya 2013 inayo. Satelaiti za GPS zinazunguka juu yetu umbali wa kilomita 20,000 na ushei, na kazi yao ni kutangaza. Kila moja inasema saa ngapi na yenyewe iko wapi, basi. Kamera inasikiliza satelaiti nne au zaidi, inalinganisha saa zao, inapiga hesabu, kisha inaandika jibu ndani ya picha. Kujibu haijibu, haina sauti ya kufika huko. Redio ya babu kijijini inapokea RTNB kuanzia asubuhi mpaka usiku. Je, RTNB inajua kama redio hiyo iko chini ya kitanda cha babu au imeshauzwa sokoni? GPS ya kamera ndiyo redio ya babu. Inajua ilipo, siri hiyo inaiandika kwenye kadi, na kadi iko mfukoni mwa mwizi.

Wi-Fi na Bluetooth zinaongea, nakubali, ila mazungumzo yao ni ya chumba hiki na chumba cha pili. Ukishafika karibu namna hiyo, bisha hodi tu.

Yule mwalimu wa Muyinga alikuwa ameshalipa kabla hajafika kwangu. Faranga 50,000, nusu mwanzo na nusu baada ya majibu. Kijana alimwonesha ramani kwenye simu, na juu ya ramani nukta nyekundu inayopepesa. Mwalimu alikuwa ameipiga picha ile skrini, tukaikuza. Nukta ilikaa katikati ya Hifadhi ya Ruvubu, mahali hapana nyumba wala njia, pana nyati na viboko. Nikamuuliza nyati ana shida gani na kamera. Kisha nikamuuliza swali ambalo ilikuwa nianze nalo: ni kamera gani hasa? Akasema Pentax K1000.

K1000 ni kamera ya filamu. Betri yake ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati, na kazi yake ni moja tu, kusogeza sindano ya kupimia mwanga. Ukiitoa, kamera inaendelea kupiga picha kama kawaida, maana mengine yote ni springi na magurudumu ya meno. Ndani yake hamna kitu cha kuongea na taa ya barabarani, seuze satelaiti. Lakini imetafutwa, na "imeonekana".

Hiyo ni ramli. Mpiga bao wa zamani alitazama maji ndani ya beseni, huyu wa sasa anatazama skrini, na dalili hazijabadilika: malipo yanatangulia, jibu halihakikishiki, na likikosea mwenye kosa ni wewe. Umechelewa, wameshaihamisha, ongeza kidogo tuangalie tena.

Katika ukanda wetu huu ramli ya mali ya watu ina kumbukumbu iliyoandikwa. Oktoba 1871 msafiri Daktari David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na amechoka, akitegemea kukuta mzigo aliotumiwa kutoka pwani. Hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa, jina lake Sherifu, alikuwa ameuza wote: katika yadi 3,000 za kitambaa haikubaki hata moja, katika ratili 700 za shanga haukubaki hata uzi. Maelezo yake, kama Livingstone mwenyewe alivyoyaandika katika shajara, ni kwamba alitazamia Kurani akaona daktari amekwisha kufa. Na daktari amesimama mbele yake! Mwezi uliofuata Livingstone na Stanley, mwandishi wa gazeti aliyemfuata Ujiji, walipanda Ziwa Tanganyika mpaka Mugere, kusini ya Bujumbura, penye lile jiwe la tarehe 25-XI-1871 ambalo kila mpiga picha wa Burundi ana picha yake. Mimi nikisimama pale humfikiria Sherifu kuliko hao wawili. Ramli yake ilimpa jibu ambalo mfuko wake ulilihitaji. (Masheikh wetu wanaikemea ramli tangu tukiwa watoto. Nadhani ya skrini hawajaletewa bado.)

Hela zinazoliwa ni kitu kidogo. Kinachoniudhi ni siku. Mtu anaipoteza wiki nzima akifuata nukta, wakati wiki hiyo ndiyo peke yake aliyokuwa nayo kabla mali haijavuka Kobero ikaingia Tanzania. Halafu kuna jingine. Nukta ikiangukia Ruvubu tunacheka. Ikiangukia juu ya bati la jirani, kuna mtu atapigwa.

Namba ina kazi ya kweli, na si ya angani. Canon na Nikon nyingi huiandika namba ya mwili wa kamera ndani ya kila picha, kwenye data iliyojificha inayoitwa EXIF. Mwaka 2011 Matt Burns alifungua tovuti ya Stolen Camera Finder inayotafuta namba hizo katika picha zilizopandishwa mtandaoni, na wapo waliopata kamera zao kwa njia hiyo. Kwetu ina kikomo. WhatsApp ikiibana picha inafuta data hiyo, Facebook nayo haimwoneshi mtazamaji, na harusi zetu zote, bibi harusi na vazi lake la imvutano na keki, zinasafiri kwa WhatsApp. Jaribu, lakini usiache shughuli zako ukiisubiri. Faida iliyo karibu zaidi ni ya upande wa pili: umetupa boksi na namba huijui? Fungua picha yako yoyote ya zamani iliyotoka moja kwa moja kwenye kadi, namba huenda imo humo. Yule mama wa Nikon tuliipata hivyo, maana ile aliyoniletea kwenye kikaratasi ilikuwa namba ya chaja.

Wengine wananiuliza kuhusu vile vidude vya kutundika kwenye begi. AirTag ya Apple, iliyotoka 2021, haina GPS. Inanong'ona kwa Bluetooth, na iPhone ya mpita njia ndiyo inayopeleka habari. Simama soko la Gitega uhesabu iPhone, kisha uhesabu Tecno na simu za kitochi, utajua thamani yake hapa. Google walianzisha mtandao wao wa simu za Android mwaka 2024, na tagi za upande huo zinatufaa zaidi kidogo. Kwenye barabara ya Karuzi usiku zote mbili ni bubu.

Yanayofaa nayataja mbio, nafasi imebaki kidogo. Andika namba ya kamera na ya kila lenzi kwenye daftari, na ujitumie pia kwa simu. Ingia kwenye menyu ya haki miliki uandike jina lako, litaingia katika kila picha. Picha ya kwanza katika kila kadi ipige ya karatasi yenye namba yako ya simu. Mwokotaji mwema jambo la kwanza ni kuwasha kamera aone ni ya nani. Ukienda Gishora, ngoma zikilia kila mtu husogea mbele na mabegi hubaki nyuma, basi pitisha mkanda wa begi mguuni. Kwenye Probox shika begi kwanza ndipo ulipe nauli, na plati ya gari isome kabla halijaondoka. Ikishapotea, usirudi nyumbani kupekua vitanda: rudi parkingi saa ileile, madereva wanajuana, na sema zawadi ni kiasi gani. Polisi upate karatasi ya kupotelewa yenye namba ndani yake. Redioni utangaze, bila kutaja bei. Msikitini, kanisani, makundi ya wapiga picha mpaka Ngara. Ukiikuta inauzwa usigombane wala usiinunue, ita polisi. Kadi ikirudi na picha zimefutwa, usipige nyingine juu yake, ilete kama ilivyo.

Na mafundi. Watu huja kwetu mwisho, ilitakiwa waje kwanza, kwa sababu ya chaja. Kamera inapopotea, chaja mara nyingi iko nyumbani kwako imechomekwa ukutani. Aliyenayo, mwizi au mwokotaji, ana betri moja, na betri hiyo itakufa. Chaja ya betri ya Canon LP-E10 haiuzwi kwenye kibanda cha vocha. Huyo mtu ataingia dukani kwangu au kwa mwenzangu wa Muyinga, hana njia nyingine.

Yule mpiga picha wa Magarama aliniachia kikaratasi chake Jumatatu, amenuna. Alhamisi saa kumi alasiri aliingia kijana mwenye mfuko wa kitenge, akatoa Canon isiyo na kifuniko cha lenzi.

"Shikamoo mzee. Unayo chaja ya hii?"

Nikaipindua. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa kwenye tundu la tripodi na juu ya namba, nikalifuta kwa kidole gumba. Tarakimu nne za mwisho zilitosha.

"Ya kwako?"

"Hapana mzee. Abiria aliisahau kwenye gari la kaka yangu. Tunataka iwake tuone picha, pengine tutamjua mwenyewe."

Nikamwambia akae, nikaagiza chai, nikatoka nje na simu. Mwenyewe alifika kwa pikipiki, viatu vimevaliwa bila soksi, akamkumbatia yule kijana mpaka chai ikamwagika. Alimpa zawadi yake, akaipakata kamera kama mtoto mchanga. Alipokuwa anatoka akaninamia sikioni.

"Fundi, kumbe ile mashine unayo."