Sauti ikiwa chini ndipo ubora wa ampli hujulikana

Ukipunguza muziki usiku, spika moja inasikika kuliko nyingine? Mara nyingi spika hazina kosa. Kosa liko kwenye kifungo cha sauti.

Ndani ya kifungo cha kawaida, kiitwacho potensiometa, mna njia mbili za kaboni: moja ya upande wa kushoto, nyingine ya kulia. Kiwandani ni vigumu kuzilinganisha kabisa, hasa mwanzoni, pale sauti ikiwa ndogo. Baadaye vumbi na kuchakaa huleta mikwaruzo.

Ndiyo sababu preampli nyingi za bei kali hutumia swichi ya ngazi, mara nyingi 24. Kila ngazi ina rezista zake zilizopimwa, hivyo pande zote mbili hulingana. Nyingine hutumia rilei: 6 kwa kila upande zinatosha kutoa viwango 64.

Lakini swichi ni ghali, na kiwango unachokitaka kinaweza kuangukia kati ya ngazi mbili.

Kwa hiyo, ukienda kununua ampli iliyokwisha kutumika, zungusha kifungo polepole kuanzia chini kabisa, usikilize pande zote mbili, ndipo utoe pesa.